Joho la Kabaila Ambrosi

Zamani huko London watu walifurika uwanjani kutazama mbwa wakipambana na dubu. Mjane Winifrida alikuwa na uwanja wake na dubu mmoja tu, Tobi, mzee aliyekwisha kupofuka, naye alimpenda kama ndugu.

Siku moja kabaila Ambrosi alifika na majibwa yake. "Wewe mama, kesho mbwa wangu wanamuua huyo kizee wako. Nimekwisha kualika wageni."

"Na wakikataa kumng'ata, je?"

Kabaila akacheka. "Wakikataa, apumzike maisha yake yote!"

"Haya, bwana. Lakini Tobi anakohoa. Nipe joho lako hilo ajifunike, wageni wako wasije wakasema umemshinda mgonjwa."

Kabaila akalivua, akamtupia. "Mfunike vizuri. Ndiyo sanda yake hiyo!"

Kesho yake mbwa walifunguliwa, wakamrukia Tobi kwa kelele. Walipomnusa wakanyamaza, wakatikisa mikia, wakajilaza miguuni pake. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Umewaroga!" kabaila akafoka mbele ya wageni wake.

"Hata kidogo, bwana. Wana adabu tu," alijibu Winifrida. "Nilimsugua Tobi mwili mzima kwa joho lako. Wamedhani ni wewe."