Zomea Gauni la Kijani

Enzi za wanaume kuvaa mawigi, niliimba katika jumba la maigizo London kwa sauti ya bata. Lodi mmoja tajiri alitaka nafasi yangu apewe mpenzi wake, Arabela.

“Kesho watumishi wangu arobaini watakuzomea mpaka uache kazi!”

“Wana haki, mheshimiwa. Hata mimi nikijisikia hujizomea. Ila kule juu wanakokaa hawaoni sura. Waambie wamzomee mwenye gauni la kijani, sina jingine. Na Bi. Arabela aimbe wimbo wa kufungulia, watu wamzoee.”

Alicheka, akakubali.

Kesho yake Arabela alizomewa hadi akakimbilia barabarani, akiwa amevaa gauni la kijani nililomzawadia asubuhi. Nikapanda jukwaani na shimizi tu, nikakwaruza nyimbo zangu zote. Hakuna aliyenizomea, koo zilikuwa zimewakauka.