Mkono Nje ya Dirisha

Akwambiaye pita, hapiti nawe. Ndiyo, mmesikia sawasawa, na mama yenu hakukosea kumwambia Agatoni maneno hayo. Mnauliza yametoka wapi? Basi kaeni vizuri, maana methali hii haikushuka na mvua. Ilizaliwa hapa hapa Makambako, na siku ya chanzo chake mimi nilikuwamo ndani ya gari. Agatoni, weka simu chini. Sisimulii mara mbili.

Babu yenu Lutengano, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa magari. Si magari mapya, la! Yale makuukuu ambayo mwenye akili zake angeshayauza kama vyuma chakavu. Yeye na wenzake waliyakarabati, wakayapaka rangi, wakaanzisha chama cha wapenda magari, na babu yenu akawa mwenyekiti. Kila mwisho wa mwezi walifunga safari, gari nyuma ya gari, watu wakitoka majumbani kuwatazama. Mimi nilipika maandazi na kubeba chupa za chai. Nilinung'unika njia nzima, lakini nilikwenda.

Fahari yao ilikuwa msafara. Kanuni ya chama ilikuwa moja: alifanyalo wa mbele, wa nyuma hulipokea. Wa mbele akipiga honi, honi zinafuatana mpaka gari la mwisho. Akitoa mkono nje ya dirisha, kila dereva anatoa wake na kuupeleka nyuma. Mnacheka, lakini ungeuona msafara ule ukiteremka mlima na mikono inapokezana, ungesimama uangalie. Ulipendeza kwelikweli.

Gari la mwisho siku zote lilikuwa la jirani yetu Zakaria Mgaya, seremala. Alikuwa na Volkswagen ya mgongo wa kobe, na ile kobe mlimani ilikuwa kobe kweli. Mgaya hakujali. Alikuwa mtu wa utani, akisema wa mwisho ndiye anayekula vumbi la wote na bado anafika.

Yeye ndiye aliyemleta Mzee Lwitiko. Huyu Lwitiko alikuwa dereva wa malori tangu ndevu hazijamtoka. Zambia ameijua, Kongo ameijua, na hajawahi kuua mtu wala kumzika mwenziwe wa safari. Jambo hilo alimshukuru Mungu kila alipolitaja, na alisema ombi lake lililobaki ni aingie kaburini akiwa hivyo hivyo. Lakini kazi ilikuwa imekwisha, mkewe amefariki, watoto wako mbali. Nyumba ile ilikuwa kimya, hata ukipita nje unasikia ukiwa wake.

Siku moja Mgaya akamwendea. "Kaka Lwitiko, Pijo yako imelala bandani kuku wanatagia ndani, na wewe umelala chumbani. Hebu amkeni wote wawili!"

Wakaamka. Babu yenu alipoona jinsi mzee yule anavyoshika usukani, alimkabidhi nafasi ya mbele siku hiyo hiyo. Na Lwitiko akabadilika, jamani. Akaanza kunyoa ndevu, akaanza kuvaa shati la pasi, akaanza kucheka. Niliwahi kumsikia akimwambia Mgaya, "Mdogo wangu, umenirudisha kwa watu."

Sasa sikilizeni hapa. Madereva wa malori wana wema wao wa barabarani. Lori likiwa mbele na wewe uko nyuma huoni kitu, dereva akiona njia ni nyeupe, hakuna gari linalokuja, hutoa mkono dirishani akaupunga: pita. Ukimwamini, unapita. Lwitiko alikuwa ametoa mkono huo maisha yake yote. Na alipoona wanachama wetu wanaupokeza gari kwa gari kama wanavyopokeza honi, moyo ulimpiga.

Tulikuwa tumesimama kunywa chai kando ya barabara ndipo akasema, "Mwenyekiti, mambo mengine yote pokezaneni, ila mkono wa pita muuache. Ule hutolewa na aliyeona. Mimi nikiutoa, ni wa gari lililo nyuma yangu tu. Ukifika kwa Mgaya kule mwisho, umeshachacha."

Babu yenu akacheka. "Ah, Mzee Lwitiko! Usituletee mambo ya malori. Hapa sisi ni familia. Ukipita wewe, tumepita wote."

"Njia haijui familia, mwenyekiti."

Wenzao wakaguna. Mmoja akasema huyu mzee hajamaliza hata mwaka ameshaanza kubadilisha kanuni. Mgaya, kwa ule utani wake, akataka kuyamaliza: "Mwacheni kaka yangu. Mimi macho ninayo, nitaona mwenyewe."

Nilimtazama Lwitiko. Alikuwa bado na neno, lilikuwa limemfika mdomoni. Akaangalia nyuso zile, akaangalia kikombe chake, akalimeza. Nilielewa kwa nini. Aliyekaa peke yake muda mrefu huogopa sana kurudishwa peke yake. Nami nikammiminia chai nyingine, yakaisha.

Safari iliyofuata tulikuwa tunakwenda Njombe. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, ukungu umeondoka. Kwenye kilima kimoja kirefu tukalikuta lori la mbao likipanda taratibu, linanguruma, moshi mweusi. Lwitiko akachungulia, akaona kweupe, akatoka. Akiwa ubavuni mwa lori, mkono wake ukatoka dirishani wenyewe. Mazoea yana taabu, wajukuu zangu. Mtu aliyeukataza mkono ule ndiye aliyeutoa.

Babu yenu akamfuata, naye akatoa wake huku anapiga mluzi. Mimi nimekaa pembeni yake nimeshika chupa ya chai. Hakutazama kona iliyokuwa mbele, alitazama Pijo. Wa nyuma yetu akatoka, akatoa mkono. Wa nyuma yake vivyo hivyo. Tulipoikaribia kona, basi likatokeza linashuka. Sisi tulikuwa tumesharudi upande wetu, likatupita na upepo wake. Nikageuka. Gari lililokuwa mbele ya la Mgaya lilikuwa ndiyo kwanza linajibana mbele ya lori, mkono wa dereva wake bado uko nje, unapunga. Na ile kobe ilikuwa katikati ya barabara, imetoka yote.

Sitawaambia nilichokiona. Mgaya alikufa pale pale.

Msibani turubai lilikuwa limejaa. Wanachama walikaa pamoja, vichwa chini. Tulipomaliza kuzika, Sekela, mke wa Mgaya, alitoka ndani walikokaa wanawake, akaja akasimama mbele yao. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Shemeji Lutengano," akasema, "mume wangu hakuwa mwendawazimu. Nani alimwambia apite?"

Babu yenu akajibu kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake tena. "Shemeji, mimi niliupokea tu mkono wa aliyekuwa mbele yangu."

Sekela akamgeukia wa pili. Naye alikuwa ameupokea tu. Wa tatu, ameupokea tu. Hapo Mzee Lwitiko akainuka.

"Ni mimi, mama. Mkono ulianza kwangu."

"Ulipoutoa, ulimwona Zakaria?"

"Sikumwona."

"Njia ya kwako ilikuwa nyeupe?"

"Ya kwangu ilikuwa nyeupe, mama."

Sekela akawatazama mmoja mmoja. "Basi nyote mlimwambia pita," akasema. "Wote hawa, pita, pita. Mbona hakuna hata mmoja aliyepita naye?"

Akageuka, akarudi ndani kwa wanawake.

Chama kilikufa siku hiyo. Babu yenu aliuza gari lake na jina la Mgaya hakulitaja tena mpaka anakata roho. Lwitiko alijifungia. Nilikuwa nampelekea uji, na mara nyingi niliukuta haujaguswa. Siku moja aliniambia, "Mama, nilijua. Nilijua, nikanyamaza ili nisikose watu wa kunywa nao chai." Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa, na ombi lake hakulipata.

Lakini neno la Sekela halikuzikwa. Wanawake waliondoka nalo msibani wakaenda nalo sokoni, sokoni likafika stendi, likafupishwa na kunyooshwa mpaka likawa hivi mnavyolisikia. Sasa kijana akisukumwa na wenzake aingie pasipoonekana, huambiwa hivyo. Na hao wanaomsukuma si lazima wawe wabaya. Mzee Lwitiko alimpenda Mgaya kama ndugu wa tumbo moja, na babu yenu vilevile, na kila mmoja njia yake ilikuwa nyeupe alipopunga mkono. Mbele ya lile basi, Mgaya alikuwa peke yake.

Akwambiaye pita, hapiti nawe.