Jina Moja Mwisho wa Video

Sogezeni viti, na simu mziweke chini, kwa sababu kesi hii nitawaachia ninyi na sitaki mtu aniambie baadaye kwamba hakusikia.

Palikuwa na studio ya video za harusi huko Dodoma, na ndani yake walifanya kazi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwanaheri alikuwa mpiga picha mwenye kumbukumbu ya kutisha. Akishapiga picha za sherehe, anaweza kukwambia shangazi gani alitangulia kucheza na nani alimkanyaga. Yoramu alikuwa mtu wa sauti, na masikio yake yalisikia feni inayotaka kuharibika kabla feni yenyewe haijajua. Sechelela, ambaye ndiye hasa ninayemsema leo, alikuwa mhariri wa vidole vyepesi. Kibodi hakuitazama kabisa. Macho yalibaki kwenye skrini, na vidole vilijua njia.

Walikuwa na video ya harusi ya binti wa Mzee Chibago. Ilikuwa ionyeshwe Jumamosi mchana kwenye kuvunja kamati, pale wanakamati wanapokutana kula, kushukuriana na kutazama michango yao ilizaa nini. Mama Chilewa, mwenye studio, alikuwa ametoa ahadi.

"Safari hii nitaweka jina la mfanyakazi mwishoni," alisema. "Jina moja. Majina mengi yanafanya video ionekane kama tangazo la msiba."

Sechelela aliitaka nafasi ile mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Mama yake mzazi alikuwa mwanakamati, na kila jioni humuuliza, "Mwanangu, kazi utatafuta lini?" Kwa mama huyo, kukaa kitini na kubonyeza vitufe ni kupumzika. Sechelela alitaka mama yake alione jina la bintiye ukutani, mbele ya watu anaowaheshimu.

Ijumaa asubuhi video ilikuwa imebakiza marekebisho madogo tu. Yoramu alifika wa kwanza, akakuta programu ya kuhariri inaomba ruhusa ya kujisasisha, kama ilivyoomba wiki nzima. Akachoka nayo, akabonyeza "Kubali".

Sechelela akaketi na kuanza. Kitufe ambacho jana kilikata kipande, leo kikafuta kila kilichofuata, na harusi nzima ikatoweka. Kidole kikakimbilia kitufe cha kurudisha nyuma, kumbe leo kitufe kile ni cha kuhifadhi na kufunga. Programu ikauhifadhi uharibifu vizuri kabisa, ikajifunga, na nakala ya akiba ikapokea uharibifu uleule kwa utiifu.

"Nani aliwaomba wenye programu wabadilishe?" akauliza Sechelela. "Kitufe kilikuwa kinafanya kazi. Mtu anaamka zake huko aliko, anaona kitufe changu cha kukatia hakimpendezi, anakihamisha. Mimi nimwendee nyumbani nimhamishie mlango?"

Yoramu akajikuna shingo. "Mimi nilikubali tu ili inyamaze."

"Sasa mimi ndiye nisiyenyamaza."

Ikabidi waanze upya kutoka vipande vibichi, na hapo wakakutana na kero nyingine. Mwanaheri hakuwa amerekebisha saa za kamera zake mbili. Kwa mujibu wa kamera moja, bibi harusi alikata keki kabla hajafika kanisani. Vipande vilikuwa vimechanganyika vyote, na hakuna aliyejua kipi kinatangulia kipi.

Basi Mwanaheri akafumba macho, akaitembea harusi ile upya kichwani, akapanga kipande kimoja baada ya kingine. Kwenye zawadi alikuwa mkali zaidi. "Mjomba wa koti la kahawia kwanza," alisema, "ndipo baba mdogo. Ukiwageuza hawa, ukoo ule hautakaa meza moja tena." Alipomaliza, harusi ilikuwa na mwanzo na mwisho wake, na hapana aliyetangulizwa kwa makosa.

Lakini sauti zilirekodiwa kwenye kifaa cha Yoramu, mbali na kamera, na sasa hazikujua picha zake. Vigelegele vilitoka kinywani mwa mchungaji. Yoramu akavaa visikilizio, akazioanisha kwa kikohozi, kwa makofi, kwa mlio wa kijiko. Na ile programu mpya ilikuja na kifaa cha kuondoa makelele. Akakitumia kuinyamazisha jenereta iliyonguruma wakati baba wa bibi harusi anatoa baraka, na maneno ya mzee yule yakasikika yote. Yoramu akatabasamu.

"Usiniambie ilikuwa na faida," akasema Sechelela.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Kukata kulibaki kwake, na vidole vyake vilikuwa vimegeuka wapinzani. Alitafuta mahali pa kurudisha vitufe vya zamani, akakuta napo pamehamishwa. Akakifunga plasta kidole kile kikaidi, ili kikienda kulikozoeleka akihisi na kukirudisha. Akainamia kibodi kama mtu anayejifunza kuandika jina lake. Alikata, akakosea, akalaani, akakata tena. Ijumaa ikaisha hivyo, Jumamosi asubuhi ikaisha hivyo, na kipande cha mwisho alikikatia kwenye chumba cha pembeni cha ukumbi, wanakamati wakiwa wameshapakua pilau.

Mama Chilewa akachungulia. "Projekta imewaka. Jina la nani?"

"Bila kichwa changu," akasema Mwanaheri, "mngeonyesha keki kabla ya kanisa."

"Saa zako zingekuwa sawa, nani angehitaji kichwa chako?" akajibu Yoramu. "Baba wa bibi harusi anasikika kwa sababu yangu."

"Na video yote ilipotea kwa sababu yako," akasema Sechelela. "Aliyeikata ni mimi, mara mbili."

"Aliyeifuta je?" akauliza Mwanaheri taratibu.

Sechelela akamwinulia kidole chenye plasta. "Nilibonyeza kitufe nilichokizoea. Waliokihamisha ni wao."

"Kesi zenu sina muda nazo," akasema Mama Chilewa. "Aliyekalia kiti aandike. Jina moja." Akaondoka.

Aliyekalia kiti alikuwa Sechelela. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mama yake safu ya mbele, amevaa sare ya kamati, anamwambia jirani yake, "Binti yangu yumo humuhumu, anashughulika na kompyuta." Nyuma yake walisimama Mwanaheri na Yoramu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuigusa kibodi. Akiandika jina lake, mama ataacha kuuliza, lakini hawa wawili atakaa nao Jumatatu. Akiandika la mmoja wao, mama ataliuliza swali lake leo jioni kama kawaida, na huyo mwingine atataka kujua kwa nini si yeye. Kule ukumbini taa zikazimwa.

Upande wangu nimemaliza. Mmoja alipanga, mmoja akaipa sauti, mmoja akakata, na kila mmoja alikuwa na mkono wake katika kuiharibu. Haya, wewe uliyeko nyuma unayetikisa kichwa, anza wewe. Kiti kile kingekuwa chako, ungeandika jina la nani?