Kata ya Majivu Mlangoni kwa Nakunda

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana si ile ya fisi kupiga soga na sungura. Hii ni zamani ya karibu, ukiichokoza inageuka kukutazama. Mwenye mtoto mchanga amweke mapajani. Na wewe unayepiga miayo huko nyuma, toka sasa hivi, nikishaanza sirudii.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Ndambwe, huko milimani, kwenye ukungu na migomba. Juu ya kijiji palikuwa na jiwe pana, limelala kama kitanda, na upande wake wa pili ni korongo. Watu wa Ndambwe walilima mpaka chini ya jiwe lile, wakachunga mbuzi mpaka kando yake, lakini hakuna aliyelikalia. Kwa nini? Tulieni niwaambie.

Mtoto akiota meno huanza na ya chini, hilo mnalijua. Lakini yupo anayeanza na ya juu. Huyo anaitwa kigego, na wazee wa mizimu walisema kigego hakai na watu. Akikaa, mvua inakimbia na wenzake wanakufa mmoja mmoja. Basi mzee wa mizimu alipitisha kidole kinywani mwa mtoto, na akikuta jino juu alisema neno moja tu: jiweni. Aliyembeba ni mama yake mwenyewe, si mtu mwingine. Anapanda, anamlaza, anashuka bila kugeuka nyuma. Kesho yake jiwe liko tupu na hakuna anayeuliza.

Msinikodolee macho, sikuitunga mimi.

Alikuwapo mwanamke mmoja, Nakunda, bado bi harusi, hata nyimbo za mwali walikuwa hawajamaliza kumwimbia. Akapata mtoto wa kiume. Mtoto akaota jino, na jino lilikuwa juu. Mzee wa mizimu wakati ule aliitwa Senkondo. Akapitisha kidole, akasema neno lake. Nakunda akambeba mtoto, akapanda. Alipomlaza, mtoto akacheka, akadhani ni mchezo, akashika pindo la kanga ya mama yake akavuta. Nakunda akakibandua kidole kimoja, akakibandua na kingine, mpaka kanga ikaachiwa. Akashuka. Hakugeuka.

Sasa chini ya korongo palikuwa na misheni, wageni wa dini wamejenga kanisa na nyumba ya wagonjwa. Nao walilijua jiwe. Kila alfajiri mwanamke mmoja wa misheni, Nakijwa, alipita pale kama mtu anayetafuta kuni. Siku nyingine kapu lake lilirudi na kuni. Siku ile lilirudi limefunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa kulikuwa na mtoto. Misheni wakamwogesha, wakambatiza, wakamwita Mbonea, wakamlea.

Naona wengine mnatikisa kichwa, mnasema Mungu ashukuriwe. Haya, shukuruni, lakini msiinuke.

Fununu zikamfikia Nakunda kwamba misheni kuna watoto ambao hakuna aliyewazaa. Akaenda mpaka getini. Getini akamkuta Nakijwa.

"Dada yangu, namuulizia mtoto. Aliachwa jiweni."

"Hakuna mtoto hapa."

Nyuma ya ukuta mtoto akalia.

"Na huyo anayelia?"

"Huyo ni wa misheni, dada. Rudi nyumbani."

Ndivyo alivyoagizwa kujibu. Wakubwa wa misheni waliogopa kwamba mama akimpata atambeba tena kumrudisha jiweni. Nakunda akaja tena baada ya mvua, akajibiwa vilevile. Akaja tena na tena, mpaka watu wakasema amerukwa na akili, naye akaacha kuuliza. Hakuzaa mwingine. Na misheni? Mtoto akakua, hatari ikapita, ndevu zikamtoka, nao wakaendelea kunyamaza. Uongo ulikuwa umeshakuwa mazoea.

Miaka ikaenda. Senkondo mzee akafa, mjukuu wake akarithi jina lake na pango la mizimu. Watoto wakaacha kupelekwa jiweni. Lakini nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye balaa: hakuna aliyekataza. Hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema tulikosea. Desturi iliachwa tu, kama njia isiyopitwa, na njia isiyopitwa haijafutika.

Wageni wa dini nao wakarudi kwao. Misheni ikabaki kwa Mchungaji Mbonea, ndiye yule yule wa kapuni. Nakunda alikuwa amebatizwa, mzee sasa, anakaa benchi la mwisho. Na kila walipokula mkate wa Bwana, Mchungaji alimwekea kipande kiganjani, akasema, "Pokea, mama." Naye akapokea. Hakuna aliyejua.

Ila Nakijwa alijua. Alipokuwa anakata roho alimwita Mchungaji, akamwambia yote: jiwe, kapu, geti, mwanamke aliyekuja kuuliza. Akafa. Mchungaji akarudi nyumbani, akakaa. Jumapili ikafika, akamwekea Nakunda mkate kiganjani, akasema yale yale, "Pokea, mama." Jumapili nyingine, hivyo hivyo, siri akabaki nayo. Aliogopa. Aliogopa nini? Akisema, itabidi aseme misheni ilidanganya, na misheni ndiyo iliyomnywesha maziwa.

Basi, kikaja kifaduro Ndambwe. Watoto wanakohoa mpaka midomo inakuwa ya samawati. Kaburi dogo likachimbwa, halafu jingine. Mvua nayo ikachelewa. Na katika siku hizo hizo, nyumbani kwa Senkondo mjukuu, mlinzi wa mizimu mwenyewe, mke wa mwanawe, Namsemba, alikuwa na mtoto wa kike anayeanza kuvimba ufizi. Wa juu. Ukitazama vizuri unaona kitu cheupe chini ya nyama, kama punje ya mchele.

Namsemba akaficha. Akamfunika mtoto mdomo kwa kanga, akamnyonyesha chumbani. Lakini mtoto anayeota meno anatafuna kila kitu, na majirani wana macho. Minong'ono ikaanza. Kila asubuhi ungewaona akina mama wa Ndambwe wamekaa vizingitini, vidole vinywani mwa watoto wao, wanapapasa, hawasemeshani. Hata waliobatizwa walipapasa. Wanaume wakaacha kumsalimu Senkondo. Halafu siku moja kulipokucha watu wakakuta njia ya jiweni imefyekwa.

Imefyekwa safi, kuanzia kijijini mpaka juu. Kila mtu akamuuliza mwenzake nani amefyeka.

Namsemba akaiona njia ile. Akambeba mtoto, akakimbilia kwa Nakunda. Si kwa baba mkwe, si kanisani.

"Shikamoo, bibi. Nifiche."

Nakunda akamtazama mtoto mdomoni. Hakuuliza. Akamwingiza ndani, akafunga mlango, akajiegemeza pale nje. Akachota majivu jikoni kwake, nyuma ya nyumba, akayakoroga ndani ya kata ya kunywea maji, akaiweka chini mlangoni. Waliopita wakaona, wakaenda kuitana.

Kata ya majivu Ndambwe si mchezo. Aliyekosewa ndiye anayeikoroga, kwa majivu ya jiko lake. Aliyekosa anainywa mbele za watu, na akishainywa, lile jambo limeitwa kosa. Halirudiwi tena na yeyote, milele, mizimu wamesikia na watu wamesikia. Lakini kata ina masharti mawili. La kwanza, haigawanywi. Inanywewa na mdomo mmoja, mpaka tone la mwisho. La pili, kosa linalonywewa linaingia nyumbani kwa mnywaji. Linakaa kwa watoto wake, madhara yake yanawapata wao. Ndiyo maana watu wa Ndambwe walikuwa hodari wa kulipa mbuzi na wagumu wa kuomba radhi.

Uwanja ukajaa. Nakunda akasema, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Mnanijua. Mtoto wangu alikwenda jiweni. Sijawahi kusikia mtu akisema lilikuwa kosa. Mizimu hawakusema. Kanisa halikusema. Basi kama hakuna aliyesema ni kosa, halikuwa kosa, na ndiyo maana leo njia imefyekwa. Mtoto aliye humu ndani jino lake halijatoka. Kabla halijatoka, mwenye kosa anywe. Asipokunywa, nyinyi mtauvunja mlango huu, na mimi ni mzee, siwezi kuwazuia."

Watu wakatazama chini. Mtu mmoja akakohoa, wenzake wakasogea mbali naye.

Senkondo mjukuu akajitokeza.

"Bibi Nakunda, babu yangu ndiye aliyesema neno. Jina lake ninalo, pango lake ninalo. Ukisema mizimu, unanisema mimi. Kunywa ni juu yangu, sikatai. Lakini nikinywa, kosa linaingia nyumbani kwangu, na nyumba yangu ndiyo hiyo uliyoifungia ndani. Niombe radhi kwa ajili ya watoto waliokufa, nimuue aliye hai? Naogopa, bibi. Naogopa kunywa na naogopa kutokunywa."

"Simama hapo," Nakunda akamwambia.

Mchungaji Mbonea akasogea. Wazee wa kanisa wakamshika kanzu. Mmoja akamnong'oneza, ila wote waliokuwa mbele walisikia: "Mchungaji, unataka kunywea kwenye kata ya mizimu? Na sisi tuna kosa gani? Wao walitupa, sisi tuliokota. Tangu lini mwokoaji anaomba radhi?"

Mchungaji akaivuta kanzu yake.

"Tuliokota, ndiyo. Halafu mama akaja getini, tukamwambia hakuna mtoto. Akaja tena, tukamwambia hakuna. Jiwe lilimchukua mtoto wake siku moja. Sisi tulimchukua kila alipokuja. Aliyemjibu amekufa, waliomtuma wamekwenda, misheni imebaki mikononi mwangu. Nitakunywa mimi."

Nakunda akakaza macho. "Unajuaje kwamba nilikuja getini?"

Mchungaji akapiga magoti. Mtu mrefu yule, akawa mfupi kuliko bibi kizee.

"Kwa sababu mtoto mwenyewe ni mimi, mama."

Mnasikia? Nakunda akaunyoosha mkono, akamgusa paji la uso, akamgusa mdomo wa juu, akauacha mkono palepale.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu alipokufa Nakijwa."

"Na ukaendelea kunipa mkate."

"Nikaendelea. Niliogopa."

Nakunda akalia sasa. Akalia kwa uchungu na kwa furaha, vyote pamoja, na hakujificha uso. Kisha akajifuta kwa kanga, akauweka mkono wake juu ya kata.

"Basi hunywi. Una watoto, nawaona kanisani, kumbe ni wajukuu zangu. Sikungoja umri wote huu nikuone ukiwatia kosa. Na wewe Senkondo hunywi, mjukuu wako yumo humu. Nitakunywa mimi. Nani alimpandisha jiweni? Senkondo alisema neno, lakini miguu ilikuwa yangu. Alinishika kanga, mimi nikambandua vidole. Sikupiga hata yowe. Mwenye kosa ni mimi."

"Mama, ukinywa linaingia nyumbani kwako," Mbonea akasema. "Nyumba yako ni mimi."

Senkondo naye akasema, "Na sisi wawili tutaondoka hapa midomo mikavu. Watu watasema mizimu hawakukosa, kanisa halikukosa, ni mwanamke mmoja tu aliyekosa. Hapo njia itabaki wazi, bibi. Atakosekanaje mwanamke mwingine wa kubeba? Bora ninywe mimi."

Nakunda hakuuondoa mkono.

Wakainama wote watatu. Mkono wa mlinzi wa mizimu juu ya kata, mkono wa mchungaji juu ya kata, mkono wa mama juu ya kata. Hakuna anayeachia, hakuna anayevuta, maji ya majivu yanatetemeka.

Na hapo hapo, ndani ya nyumba, mtoto akalia, kisha Namsemba akasema kwa sauti iliyokauka, na uwanja mzima ukamsikia:

"Bibi. Limechomoza."

Watu waliokuwa nyuma wakaanza kusogea mbele. Hawakukimbia. Walikuja polepole, huku wakitazama chini, na baadhi yao walikuwa na mapanga yenye utomvu wa majani mabichi.

Haya, nimewafikisha mlangoni. Kata ni moja na mdomo ni mmoja. Senkondo anasema ni yeye, kwa kuwa dini yake ndiyo iliyoamuru. Mbonea anasema ni yeye, kwa kuwa dini yake ndiyo iliyodanganya, ingawa yeye ndiye aliyetupwa, na mama yake ndiye aliyedanganywa. Nakunda anasema ni yeye, ingawa katika uwanja ule wote hakuna aliyeumizwa kama yeye. Msinijibu kwa kunung'unika, na msitazamane. Semeni upesi, maana wale wenye mapanga wameshafika kizingitini.

Je, nani alistahili kuinywa?