Mganga Aliyeuvua Mti wa Homa

Sogeeni motoni, nipeni masikio yenu.

Nakundwa alikuwa mganga wa homa kule mlimani. Bibi yake alimfundisha kuambua gome la mti wa homa upande wa mawio tu, kisha apake kidonda cha mti udongo, maana mti uliovuliwa pande zote hufa umesimama.

Wakaja wachuuzi na magunia, wakitaka kununua magome. Nakundwa akaambua upande wa mawio. Mti ukalia, "Mama, umenivua, niache nivae!" Akaambua upande wa machweo. Mti ukalia, "Mama, umenivua, niache nivae!" Akauzungushia panga kiunoni. Mti haukulia tena. Basi akaifanya hivyo miti yote ya homa msituni, ikakauka.

Ndipo mwanawe akashikwa na homa. Nakundwa akakimbilia msituni, akapiga yowe, "Gome moja tu, mwanangu anakufa!"

Mzimu wa msitu ukamjibu, "Magome yamekwisha. Imebaki ngozi yako."

"Ichukue!"

Miguu ikazama ardhini, ngozi ikawa gome. Mumewe, aliyemfuata mbio, akamwambua upande wa mawio, akapaka udongo, akampikia mtoto dawa. Mtoto akapona.

Kijiji kikasikia. Asubuhi wakaja na mapanga, wakamwambua, naye akalia,

"Jamani, mmenivua, niacheni nivae!"

Wakamzungushia panga kiunoni. Hakulia tena.