Vikombe vya Babu Mwinyihija

Penye funzo, kahawa hupoa.

Juzi mlimsikia Mama Tumu akimtupia fundi cherehani maneno hayo. Mwanawe Mama Tumu, aliyepelekwa kwa fundi huyo kujifunza, alikuwa anahangaika na cherehani peke yake, na fundi anapiga soga, kikombe mkononi. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Yametoka humu humu nyumbani, katika vikombe nilivyoviosha mimi. Methali hii ilianza hivi.

Nilichokiona kwanza ni kikombe. Babu Mwinyihija alikuwa fundi wa bao asiye na mpinzani hapa Mkwaja. Kila baada ya Alasiri alitufundisha wajukuu wake wawili, mimi na Zuhura, binti wa baba yangu mkubwa. Mmoja anacheza naye, mwingine anatazama. Kahawa nilipika mimi na vikombe niliosha mimi. Nikicheza mimi, kikombe cha Babu kilirudi jikoni kitupu, machicha tu chini. Akicheza Zuhura, kilirudi kimejaa, baridi, hakijaguswa. Nikaimwaga kahawa ile chini ya mpapai.

Mimi nilishinda karibu kila siku. Nilipenda kuvunja nyumba mapema, lile shimo linalowekwa kete nyingi, nizisambaze bao zima. Babu alipiga funda la kahawa, akasema nina mkono mwepesi. Zuhura hakushinda hata mara moja. Babu alimrudishia kete nyuma, akamuuliza kwa nini amekula huku na si kule, akakuna ndevu, akamuuliza tena, mpaka mwadhini wa Magharibi akawatenganisha. Zuhura aliinuka uso umemvimba.

"Wewe ndiye kipenzi," aliniambia jikoni. "Mimi napigwa kama ngoma."

Nikacheka naye. Lakini nikienda na kile kikombe hadi kwenye mpapai, roho inaniungua.

Ikakaribia Idi. Wanawake wa Kipumbwi walikuwa waje kucheza bao nasi, na Babu ndiye wa kuchagua nani akae mbele yao. Nguo ya siku hiyo nilishaipiga pasi. Babu akamtaja Zuhura.

Rafiki yake Babu wa barazani, Mzee Sheshe, akamtania kwamba uzee umemla akili: anampeleka anayefungwa kila siku, na anayemfunga yeye mwenyewe anamwacha nyumbani. Baraza lote likacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Si mtu wa kusema mbele za watu. Shule niliiachia darasa la tano, baada ya kukosea hesabu ubaoni na darasa zima kunicheka. Lakini siku ile nilikiweka kikombe mbele ya Babu nikauliza polepole:

"Babu, mbona nikicheza mimi unakimaliza?"

Alikitazama. Hakujifanya hajaelewa.

"Penye funzo, kahawa hupoa, mjukuu wangu. Nikicheza na Zuhura nasahau kama nina koo."

"Na mimi?"

"Wewe nilikufunga siku ya kwanza, ukalia, hukuligusa bao mpaka mwezi mwingine ukaandama. Nikaikumbuka shule. Nikasema bora nikuachie ushinde, uje, kuliko nikufunze nikukose. Hapo nilikosea."

"Kumbe hukuwa na mwanafunzi," alisema Mzee Sheshe. "Ulikuwa na mgeni."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya Idi Zuhura alicheza taratibu, hadi yule mama wa Kipumbwi akawa anajifuta jasho kwa pindo la kanga. Nyumba yake hakuivunja mpaka karibu na mwisho, na alipoivunja, safu ya mbele ya mgeni haikubakiwa na kete hata moja, akawa amefungwa. Wakampigia vigelegele. Nami nikapiga.

Kesho yake nilitandika mkeka mwenyewe, nikamwambia Babu, "Leo usiniachie."

Hakuniachia. Mbele yangu pakawa peupe upesi. Akazipanga kete upya, akaniuliza kwa nini nimeanzia pale. Machozi yalikuja, nikabaki nimekaa. Akauliza tena, akakuna ndevu. Mwadhini alipoadhini, Babu alinyoosha mkono kwenye kikombe, akakigusa, akakiacha.

Nilikipeleka hadi kwenye mpapai, nikashindwa kukimwaga. Nilikinywa pale pale nimesimama, na baridi yake na uchungu wake wote.

Maneno ya Babu yalitoka na watu wa baraza siku ile, yakaenea mtaani, na ndiyo yaliyomfikia fundi cherehani. Mkimwona mtu anasifiwa tu, na mwalimu wake anakunywa kwa raha, msimwonee wivu. Penye funzo, kahawa hupoa.

Zuhura ameolewa Tanga, hanisikii, ndiyo maana naweza kulisema hili. Ushindi wa Idi ile sikukuonea wivu, dada yangu. Nilikuonea wivu kila kikombe nilichokimwaga.