Mbinu Isiyoletwa na Mjapani

Palikuwa na Sultani, na wa namna yake bado wapo tele, aliyependa kushinda kuliko alivyopenda wali wa nazi. Jina lake Darweshi. Tumbo lake lilitangulia kufika barazani, mwenyewe akafuata. Yeyote aliyeshikana naye mieleka alianguka kabla hajaguswa vizuri, kisha akaamka akimsifu. Sultani akaamini ana nguvu za ajabu.

Katika mji huohuo aliishi Vuai, mwalimu wa jujitsu, mieleka ya Kijapani. Mwembamba, shingo ya korongo. Mali yake yote ilikuwa mikeka michakavu chini ya banda la makuti, na ulimi. Mchezo ule alifundishwa na baharia wa Kijapani aliyeachwa na meli yake akiuguza mguu. Mjapani alipopona akaenda zake, Vuai akabaki akiwafundisha wapagazi, madobi na wachoma mishikaki.

Lakini hakufundisha kama kasuku. Mjapani alizoea nguo nene zenye ukosi wa kukamatia. Watu wa hapa huvaa vikoi na fulana, ukivuta vinabaki mkononi. Vuai akatafuta pengine pa kushika. Akashika kiwiko, akashika kifundo, akajifunza kupigana akiwa chali, miguu imemzunguka mwenzake kama mmea utambaao unavyouzunguka mti. Mwanafunzi akija na swali, waliliviringisha pamoja mkekani mpaka litoe jibu. Baada ya miaka, bandani mle mlikuwa na mbinu ambazo Mjapani mwenyewe angeomba aonyeshwe tena.

Sultani naye alipata kupita pale. Alijifunza zile za mwanzo, akatosheka, hakurudi. Basi sikukuu ya Idi, baada ya pilau, akamwita mpishi wake Sururu washikane kwa mzaha. Sururu alikuwa mwanafunzi wa Vuai, na shibe ilimsahaulisha kwamba anatakiwa kushindwa. Kweli alijilaza chali, Sultani akamrukia kwa furaha, lakini kufumba na kufumbua aliye chali ni Sultani, mbele ya wageni, kilemba kimetumbukia kwenye bakuli la mchuzi.

Kesho yake wapiga mbiu wakazunguka mji. Jujitsu ni ile aliyoileta Mjapani, basi. Atakayebuni mbinu mpya au kuitumia atafungwa, na banda la Vuai litavunjwa. Sururu alikwishatiwa gerezani. Vuai akaitwa barazani, na mji mzima ukaja kutazama. Hakukimbia, kwa kuwa banda lile ndilo lililomlisha, na Sururu alikuwa kama ndugu yake.

"Wewe ndiye unayeupotosha mchezo wa watu?" Sultani akauliza.

"Mimi naufundisha, Maulana."

"Mjapani alikufundisha kumpindua mtu ukiwa umelala chali?"

"Hakunifundisha."

"Basi umezua."

"Alizua aliyelaliwa, Maulana. Mtu akikandamizwa, mwili wake hutafuta njia. Kazi yangu ni kuitazama ile njia na kuwaonyesha wengine."

"Uongo. Mbinu ni ya mwalimu. Mwanafunzi hana akili ya kubuni."

"Huenda wangu wamekosa adabu," Vuai akasema. "Wakibanwa hawasubiri ruhusa."

Watu wakacheka chinichini. Sultani akawatazama, wote wakashikwa na kikohozi.

Hapo Sultani akatangaza kwamba atauonyesha mji kuwa mbinu za kale zinatosha. Atashikana na Vuai palepale, kwa zile za Mjapani tu, na Vuai akishindwa banda livunjwe siku hiyohiyo, akishinda libaki. Kila mtu aliuona mtego. Akishindwa, hana banda. Akishinda, amemwaibisha Sultani, na hapo hata shingo hana. Vuai akakubali. Akaomba tu aelezwe sheria vizuri, asije akakosea.

"Atakayetumia mbinu isiyo ya Mjapani, afungwe?"

"Afungwe."

"Hata akiwa mtu wa nyumba yako?"

Sultani akamkumbuka Sururu, akatabasamu. "Hasa akiwa wa nyumba yangu."

"Na udhuru je?"

"Sheria yangu haina mlango wa uani."

Mkeka ukatandikwa. Sultani akaja kama gunia linaloporomoka ngazini. Vuai akampisha, akamtega mguu vilevile alivyotega Mjapani, akamlaza, kisha akamlalia kifuani kwa mshiko wa kale kuliko yote, ule anaofundishwa kila mgeni siku ya kwanza. Hakuongeza kitu. Akatulia pale juu kama mtu anayesubiri chai.

Sultani angeweza kupiga kofi mkeka, ndiyo ishara ya kusalimu amri, akaachiwa. Lakini kupiga mkeka mbele ya madobi hakutaka. Akavuta pumzi, haikuja. Akasukuma, wapi. Uso ukamwiva. Ndipo mwili wake ulipoacha kumwuliza bwana wake: kiuno kikaruka kando, tumbo likapita njia yake peke yake, mguu ukapenya mahali ambapo hakuna aliyedhani pana nafasi, bega likazunguka, na Vuai akajikuta amekaa pembeni, mikono mitupu.

Baraza likalipuka kwa vifijo. Sultani akasimama akitweta, macho yanang'aa. Maishani mwake hakupata kushinda kweli hata siku moja; sasa ameshinda, moyo wake umejua, na utamu wake umemlevya.

Vuai akainama mbele yake. Akasema hajapata kuona mtu akijinasua kwenye mshiko ule kwa uzuri namna ile, kisha akauliza kwa upole kama Maulana alifunzwa na Mjapani.

"Mjapani gani?" Sultani akajipiga kifua. "Hiyo nimeibuni mwenyewe, hapahapa, sasa hivi. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Mji mzima ni shahidi."

Vuai akamgeukia askari aliyeshika funguo za gereza.

"Mwenzangu, umesikia. Mwambie Sururu asogee kidogo, bwana wake anakuja."